Tangi la Samaki na Bati la Josho

Mwanangu, siku niliyoigeuza picha ya fuvu ikatazama chini naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa kijana fundi bati mjini Shinyanga, mikono myepesi, na majivuno ya kutosha watu watatu. Kaa hapa unisikilize. Habari yenyewe si nzuri, wala sitaipaka sukari.

Mwenye duka mmoja pale mjini alikuwa ameona, nadhani Mwanza, sanduku la vioo lenye maji na samaki hai wakiogelea ndani. Akalitaka mbele ya duka lake, watu waingie kutazama samaki watoke wamenunua kanga. Kununua lililo tayari maana yake ilikuwa kuagiza na kusubiri treni, naye hakuwa mtu wa kusubiri. Akaja bandani kwetu kumuuliza Mzee Lugwisha, aliyenifundisha kazi, kama anunue au tumjengee.

"Nunua, bwana," Mzee Lugwisha alimjibu. "Sisi tunajua ndoo na koroboi. Kitu cha kuweka kiumbe hai ndani sijawahi kukitengeneza, na sitaki kujifunzia kwako."

Niliona aibu, mwanangu. Niliona mzee ametufanya mafundi wa vijijini. Nikamfuata yule bwana nje, nikamwambia kwamba mimi nitamjengea, tena zuri kuliko la Mwanza. Mzee alipopata habari hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba nikishaahidi nisije nikaokota bati popote.

Lakini bati jipya lilikuwa adimu miaka ile, na vioo vya dirisha peke yake havisimami. Vilihitaji sakafu ya bati nene na miimo ya kushika pembe. Mapipa ya mafuta yalikuwa membamba, yameliwa na kutu. Bati nene nililijua liko wapi. Nyuma ya josho la ng'ombe kulikuwa na shimo ambamo msimamizi alitupa mapipa ya dawa ya kupe, akiyatoboa kwanza ili mtu asije akayachotea maji. Kila mfugaji alijua kwamba ng'ombe akinywa maji ya josho hafiki nyumbani. Mimi mwenyewe mtoto wa mfugaji nilijua.

Nikashuka shimoni mchana kweupe, nikatoa pipa moja ambalo halijatobolewa. Nikalipasua, nikalinyoosha, nikalisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa. Ile picha ya fuvu, iliyochorwa ubavuni mwa pipa kuonya kwamba ni sumu, haikutoka. Basi nikaigeuza itazame chini, mteja asiione. Mkunjo wa pipa nikauacha ulivyo, maana ulinifaa kushikia kioo. Nikalehemu, nikaziba kwa lami, nikatia maji. Halikuvuja hata tone. Nilizunguka lile tangi kama bwana harusi.

Samaki walitolewa lamboni, wadogo wadogo, wazima kabisa. Siku ya pili wote walikuwa wameelea juu. Tukatia wengine, nao wakaelea. Nikamwambia mwenye duka kwamba ni joto. Akanitazama, akaniambia nichukue kitu changu, na wiki ile ile akaagiza Mwanza.

Hapo ndipo nilipopaswa kulipiga nyundo, mwanangu. Sikuweza. Kulivunja kungekuwa kukiri mbele ya mji mzima. Nikajidanganya kwamba kweli ni joto, nikalipakia kwenye mkokoteni nikalipeleka nyumbani, upande wa Mhunze, nikamwambia mama nimemletea tangi la maji.

Kilikuwa kiangazi kibaya. Wanawake walichimba mchanga wa mto kutwa nzima kupata ndoo moja. Mama alifurahi mpaka akaita majirani. Dada yangu Ng'wasi, aliyekuwa amerudi nyumbani na binti yake, ndiye aliyelijaza. Yule binti alikuwa na miaka mitatu, amepewa jina la jirani yetu Bibi Minza, lakini sisi tulimwita Kadogo. Alipenda kubandika uso kwenye kioo akicheka, kisha kuchota kwa kikombe chake na kunywa. Mimi nilirudi mjini kazini.

Waliponiita, nyumba nzima ilikuwa inatapika. Watu wazima walipona. Kadogo hakupona. Alizikwa kabla sijafika.

Nilipoingia ndani nililiona tangi limejaa maji safi, nikajua. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nikalimwaga, nikalitupa kwenye shimo la mbali na kulifukia, na sikusema neno.

Wakati huo mganga alikuwa amekwisha kuitwa, naye hakuhangaika sana. Bibi Minza alikuwa mjane mzee, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia. Ndiye aliyekuwa akimwogesha Kadogo na kumletea uji, maana alikuwa somo wake. Kwa mganga hayo yalitosha kumwita mchawi. Wanaume wakakusanyika, nami nikiwemo. Bibi akasimama katikati akasema, "Mimi nimuue somo wangu?" Nilikuwa nimesimama karibu naye, ningeweza kumshika mkono. Nilikohoa tu. Wakaichoma nyumba yake mchana ule, akaondoka na fimbo na kibuyu.

Niliporudi bandani Mzee Lugwisha aliniuliza tangi liko wapi. Ndipo nikamweleza yote, picha ya fuvu na bibi pia. Alichukua kipande kilichobaki cha lile pipa, akanionyesha unga mweupe wa dawa ndani ya mkunjo. Hakuna mchanga unaofika humo.

"Ng'wana wane, mwanangu," aliniambia, "mtoto ulimuua kwa ujinga. Yule bibi unamuua na akili zako timamu."

Nikarudi nyumbani nikasema mbele ya wote. Mama alilia. Ng'wasi hakulia, wala hakuzungumza nami tena mpaka tulipomzika yeye. Wale wanaume waliochoma nyumba waliniambia yaliyopita yamepita, wakaenda kunywa pombe. Kumtafuta bibi kulinichukua masika nzima. Nilimkuta huko Nyasubi, kwa binti wa ndugu yake, amelala kwenye ngozi, amekwisha mwili.

Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Hakunilaani. Aliniuliza, "Somo wangu mlimzika wapi?"

Nikamwambia, kando ya zizi.

"Penye kivuli?"

Nikamwambia hapana, juani. Akageukia ukutani. Hakurudi kwao. Alifariki kabla ya mavuno.

Basi mwanangu, unapochagua kati ya kujenga kitu na kukinunua, usiulize kwanza kama mikono yako inaweza. Mikono yangu iliweza, lile tangi halikuvuja. Uliza umekichukua wapi unachojengea, na kilibeba nini kabla yako. Mwenye ujuzi akikwambia kazi hii siijui, mheshimu, huyo anakupa elimu yake yote. Ukiona kitu chako kimeua samaki, kivunje hadharani, uchekwe. Kuchekwa kunaisha. Na ukikosea, sema siku ile ile, kabla kosa lako halijatafutiwa mtu wa kulibeba, maana atakayepatikana ni yule asiye na mtu. Mimi nilisema, lakini nilisema nimechelewa.

Pale kando ya zizi nilikwenda nikapanda mti. Umekua mkubwa, na kaburi la Kadogo liko kivulini sasa. Lakini Bibi Minza, aliyeuliza kivuli, hayupo tena nimpelekee habari hiyo. Mungu akupe mikono yenye kazi, mwanangu, na akupe ulimi unaowahi.