Kiti Kitupu cha Mikelenge

Wakati wa vita, mkwaruzo mmoja wa foni, redio ya mawasiliano, usiku ulitosha kuiangamiza nyumba nzima. Askari walizisaka redio hizo. Sisi tulizihitaji ili kujua nani bado yuko hai. Kwa foni moja iliyofichwa mtaani Mikelenge, mama yangu alisikia kwamba baba yuko hai Pangi.

Foni hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya intaneti ya mji wetu. Baraza lake humwekea aliyeificha kiti kitupu, chenye kura yake. Fundi mzee wa kampuni peke yake anamjua, na aliapa kutomtaja mpaka mwenyewe akubali.

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta yao, nikilalamikia laini yangu. Kwa sababu ya joto, mlango wa chumba cha mkutano ulikuwa wazi. Mwekezaji kutoka Kinshasa alitaka kuufunga mnara wa Obokote. Kura zilikuwa mbili kwa mbili.

"Na kiti kile?" mkurugenzi akauliza.

Mwekezaji akacheka. "Kiti hakina mukono, Directeur. Mutaje mwenyewe, ao tukiondoe leo."

Chuoni nilifundishwa kwamba mamlaka hukaa mezani. Kumbe yalikuwa yakizunguka meza na birika, yakiuliza nani anaongeza sukari. Yule tunayemwita Mama Chai aliweka birika chini, akajifuta mikono kwa kitenge, akainua mkono.

"Obokote ibakie."

"Na wewe njo nani?" mwekezaji akauliza.

Mama Chai akamwitikia fundi kwa kichwa. Fundi akasimama, macho yamelowa. Nami nikasimama kaunta.

"Huyu njo alificha foni," akasema. "Jina yake Zaituni."