Kitu cha Shangazi Nedra Hakisukumwi

Saa kumi na mbili asubuhi, taa ya karakana ya Nedra Tollefson inawaka. Bibi huyu wa miaka sitini na saba amesimama mbele ya mashine yake ya mkono, amevaa koti la marehemu mumewe, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko. Anachukua ganda la risasi, ganda tupu la shaba ya njano, analipaka mafuta ya sufu ya kondoo kwa ncha za vidole, analisimamisha kwenye kalibu na kuvuta mpini taratibu. Ganda linatoka na shingo nyembamba kuliko lilivyoingia.

Kisha anaitazama simu iliyo mezani. Simu iko kimya.

"Nafanya kazi ili mikono isitetemeke," ananiambia mimi, mwandishi niliyekuja kumtembelea. "Nikikaa bure nitaingia wazimu."

Leo msimu wa kuwinda kulungu umefunguliwa hapa Alder Fork, Montana. Tangu juzi Royce Haugen, mfugaji, na binti yake Kirsten wako huko juu mlimani na farasi zao, mahali ambapo simu hazishiki. Bunduki yao inatumia maganda ya Nedra. Na Nedra anaamini kwamba baadhi ya maganda aliyowapa safari hii yanaweza kuipasua bunduki hiyo usoni mwa anayepiga.

Risasi yenyewe huikuti dukani. Orrin, mumewe Nedra, alikuwa fundi bunduki wa mji huu, akaibuni kwa kichwa chake, akaunda bunduki chache za kuitumia. Watu wakaiita Tolli. Hakuna kiwanda kilichowahi kuitengeneza. Mwenye Tolli akitaka ganda, ni lazima lifinywe kutoka kwenye ganda la risasi nyingine, lipitishwe motoni lilainike, likatwe urefu, kisha likerezwe, yaani shaba iliyozidi shingoni ichongwe. Orrin alipofariki miaka sita iliyopita, aliyebaki anaijua kazi hiyo ni mkewe.

"Bila mimi, zile bunduki ni fimbo za kutembelea," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu. Kila ganda tupu anauza dola mbili, mteja hujaza baruti mwenyewe, na haoni haya kusema kwamba hazimnunulii hata kuni za msimu wa baridi. Anakula pensheni ya jiko la shule, alikopika miaka mingi.

Hofu yake inaanzia shingoni mwa ganda. Shingo ikifinywa, tundu lake hupungua lakini ukuta wa shaba hunenepa, kama suruali inavyojikunja kiunoni ukikaza mkanda. Unene huo ndio hukerezwa. Usipokerezwa, shingo hukosa nafasi ya kupanuka ndani ya bunduki, kichwa cha risasi hakiachiwi, na moto wa baruti unatafuta njia ya kurudi nyuma.

"Na nyuma," anasema Nedra akijigusa shavu, "ndiko uliko uso wa mtu."

Kwa macho, lililokerezwa na lisilokerezwa ni mapacha. Orrin alikuwa na desturi yake. Yaliyokamilika husimama kwenye trei mdomo juu, yanayosubiri kukerezwa husimama mdomo chini. Basi. Hakukuwa na alama wala kibandiko, na Nedra hakuona sababu ya kubadili kitu ambacho hakikuwahi kumwangusha.

Ndipo Wendell Krantz akaja na mayai.

Wendell ni jirani, mjane kama yeye, na ni mtu nadhifu kupita kiasi. Watu husema huyu hata kuni zake huzichana nywele. Siku hiyo Nedra alikuwa bandani akiwapa mbuzi chakula. Wendell akaingia karakanani peke yake, mkono wa koti lake ukaikwaa trei na maganda yakamwagika. Akainama, akaokota ganda moja moja, akayapanga yote vizuri, akaacha mayai na kwenda zake. Nedra aliporudi aliikuta trei imekamilika.

"Nikajisifu moyoni, nikasema kumbe nilifanya kazi kubwa kuliko nilivyodhani! Royce alikuwa mlangoni, gari linanguruma. Sikupima hata moja. Nikamfungia boksi lake, akaenda."

Kosa hilo alilijua juzi, posta, kwenye foleni.

"Jirani, nakudai kahawa," Wendell alimwambia. "Siku ile niliangusha vidude vyako, nikavisimamisha kama askari wa gwaride. Hukugundua, eh?"

"Vyote, Wendell?"

"Vyote, mdomo juu. Mimi siachi uchafu kwa watu."

Nedra hakungoja barua zake. Aliendesha gari mpaka mwisho wa barabara ya mlimani, akalikuta gari la Royce limeegeshwa, boneti baridi. Akaandika onyo, akalibana kwenye kioo cha mbele. Ofisi ya sherifu ikaahidi kumwambia kila anayepanda. Baada ya hapo ni kusubiri tu, na kusubiri hakuna ufundi.

Wendell naye yupo. Amekaa pembeni juu ya ndoo iliyofudikizwa, kofia magotini, kahawa imepoa.

"Nimewaua, Nedra?"

"Nyamaza, Wendell. Kunywa kahawa."

"Royce si mtu wa kulazimisha mambo."

"Royce?" Nedra anageuka. "Royce komeo la bunduki likigoma analipiga na kiganja! Royce huyuhuyu aliyevunja mlango wa kanisa kwa sababu ulikuwa unavutwa, yeye anasukuma!"

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Saa nane mchana gari linasimama nje. Kirsten anashuka wa kwanza. Nedra hamsalimu. Anamshika kidevu, anaugeuza uso wake kwenye mwanga, jicho hili, jicho lile.

"Shangazi, kwani vipi?"

"Nyamaza nikuone."

Kirsten anatoa risasi moja mfukoni na kuiweka mezani. "Hii ilikataa kuingia. Dume la kulungu liko pale, kubwa, na Baba ananinong'oneza, 'Sukuma, sukuma wewe!' Nikamwambia kitu cha shangazi Nedra hakisukumwi. Chake huingia chenyewe. Hiki si chake."

"Dume likajiondokea," anasema Royce. Sauti yake iko chini. "Nilimtukana mtoto wangu njia nzima. Mpaka nilipofika garini nikasoma onyo lako."

Nedra anaichukua ile risasi, anaipima shingo kwa maikromita. Anapima tena. Shingo ni nene, haikukerezwa.

"Ni changu," anasema. "Mwanangu, hiki ni changu." Na machozi yanamtoka, hayafuti.

Royce analeta boksi zima la risasi zilizobaki bila kuambiwa. Kuanzia leo, anasema Nedra, yaliyokerezwa yatakaa kwenye kopo jekundu lenye kifuniko, na hakuna kitakachotoka bila kupimwa, hata mteja apige honi mpaka betri ife. Lakini mpango wake mkubwa ni mwingine. Amemwomba Kirsten aje kila Jumanne ajifunze kazi yote, na Kirsten amekubali.

"Orrin alikuwa akitafuta mtu mwenye mikono," anasema. "Mikono hufundishwa. Mimi nilikuwa nahitaji mtu anayejua kukataa."

Kutoka kwenye ndoo yake Wendell anajikohoza. Anaweza, anasema, kuunda rafu nzuri ya kuweka hayo makopo.

"Iunde," anasema Nedra, akimmiminia kahawa ya moto. "Lakini nyumbani kwako."