Jiwe la Ndani ya Pipa

Nakumbuka siku moja kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yenu asinisikie. Imenirudia leo, mwanangu, nilipokukuta kule Gasenyi umeng'ang'ania uzio wa Wachina, unachungulia mashine zao. Hata mimi nilikuwa hivyo.

Nilikuwa kijana, nachanganya beto, yaani zege, kwenye shule iliyokuwa ikijengwa na kampuni ya Kichina kule Mutakura. Fundi wetu mkuu alikuwa Mzee Ramazani wa Buyenzi, mkali lakini mtu wa haki. Kila tulipomwaga nguzo, injinia Mchina alijaza beto ileile kwenye kisanduku cha chuma. Kesho yake ilikuwa imekauka kuwa jiwe; akalitoa, akaliandika namba, akalizamisha kwenye pipa la maji. Majuma yanapita, liko humo tu. Jamani, jiwe linaogeshwa la nini? Sisi tukaamua wanaficha dhahabu.

Mchana mmoja, wenzangu wakila, nikatoa moja nikalipiga nyundo. Ndani beto tupu! Kwa hofu nikafinyanga jingine harakaharaka, na kesho yake alfajiri nikaliandika namba ileile, nikalitumbukiza pipani.

Siku ya kulipima, mashine ililibana, likapondeka kama mkate mkavu. Injinia akasema nguzo ni mbovu, ibomolewe, na Mzee Ramazani aende nyumbani. Mzee akaanza kukusanya vyombo vyake. Wallahi, niliona aibu. Nikasema yote, mbele ya watu.

Injinia akatoboa nguzo yenyewe, akatoa kipande, akakibana. Hakikupondeka; Mzee akarudishiwa kazi yake. Mzee Ramazani akanigeukia.

"We mutoto, mudomo ulikuwa nao. Kwa nini haukuuliza?"

"Niliogopa watanicheka, Mzee."

"Ukaona afazali mi nilie?"

Injinia aliniadhibu kwa kunipa kazi ya kulitunza lile pipa, na ndipo nikaelewa: beto ikilowa vizuri inakomaa, kisha jiwe linabanwa ili ijulikane kama nguzo itawahimili watoto wa watu.

Basi, mwanangu, udadisi wako usiuonee haya. Achana na uzio, pita mlangoni, salimia, uliza, wacha wacheke. Na ukiharibu, sema wewe mwenyewe kabla mwingine hajafungasha vyombo vyake. Kesho twende wote; nami nataka kujua siku hizi wanaloweka nini. Mwenyezi Mungu akupe kinywa cha kuuliza, na siku utakayokosea, kinywa hichohicho kimwokoe mwenzako. Amina.