Nilisema "Short", Sasa Binti Yangu Hataki Kufanya Mtihani Nami

Mwenye ukurasa, tafadhali nifichie jina, maana hapa Kitengela nimeshachekwa vya kutosha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu, na mume wangu anaendesha lori la kubeba mawe ya kujengea. Tena mimi ni mwanafunzi wa darasa la nane. Ndiyo, mmesoma vizuri. Ninavaa sweta ya kijani kama watoto na ninakaa dawati la nyuma ili nisiwazibe.

Niliachishwa shule kule kwetu Murang'a nikiwa bado mdogo, mamangu alipougua na wadogo zangu wakakosa wa kuwalea. Tangu hapo mtu akiniuliza nilisoma hadi wapi, huwa najifanya sijasikia. Elimu ya bure ilipoanza, nilimpeleka kitinda mimba wangu kuandikishwa, na mwalimu mkuu akaniambia kwa utani, "Na wewe mama, si uingie tu?" Nikaingia kweli. Walinipima, wakaniweka darasa la sita, na huko ndiko alikokuwa binti yangu wa kwanza, nitakayemwita Ciru. Shule yetu ni ndogo, hakuna darasa la sita lingine la kukimbilia.

Mwanzoni Ciru alifurahi sana. Jioni nikichambua maharagwe, yeye ndiye mwalimu. Anasema "ancient", mimi nasema "modern". Anasema nimpe neno lingine la "begin", nampa "commence". Nikikosa ananipiga mkono kwa mwiko, tunacheka mpaka baba yake anauliza kama hii nyumba imekuwa soko. Siwadanganyi, hizo jioni nilizipenda kuliko kitu chochote, na Kiingereza cha Ciru kilipanda kwa sababu ya kunifundisha mimi.

Sasa tuko darasa la nane, la mwisho, na mwaka ukiisha ni mtihani wa cheti cha shule ya msingi. Muhula huu Madam wetu wa Kiingereza alianzisha mazoezi ya mdomo kila asubuhi. Anataja neno, anakuonyesha kidole, unasimama na kusema kinyume chake. Sisi watu wa kwetu r na l hutuchanganya mdomoni na hata masikioni. Madam akasema "wrong", akanionyesha mimi. Mimi nikasikia "long". Nikasimama, nikanyoosha sweta, nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua: "Short!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mvulana mmoja akasema, "Kumbe mtu akipata hesabu anakuwa mfupi!" Hata Madam alijifunika mdomo na kitabu. Nikamtafuta Ciru kwa macho. Alikuwa amelalia dawati, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Tangu siku hiyo mimi ni Mama Short. Watoto wananiita hivyo hadi pale tunaposagisha unga. Mtu mwenye akili zake angecheka nao yaishe. Mimi nilimwekea mtoto wangu kinyongo, na haya yanayofuata ndiyo ninayoona aibu kuyaandika.

Asubuhi moja Madam alimuuliza Ciru kinyume cha "ancestor". Nilijua halijui, kwa sababu nilikuwa nimemsikia akilikosa nyumbani. Akainama, akaanza kuvutavuta vidole. Nikainua mkono, nikaupunga hewani, nikaropoka kabla hata sijachaguliwa: "Descendant!" Madam akasema nipigiwe makofi. Makofi yakiendelea, nikamwangalia Ciru na kusema kila mtu asikie, "Hata Short anajua."

Wenzake wakamzomea. Hakulia. Aliketi, akafungua kitabu, na jioni hiyo mwiko ulibaki kwenye sufuria. Hajaniuliza neno hata moja tena. Alama zake zimeshuka, na Madam ameniuliza nyumbani kuna nini. Nilimwambia hakuna kitu.

Jumapili nilipika chapati, nikamwita kando. Mimi humwita Mami tangu azaliwe. "Mami, nisamehe. Nilikosa."

Akanijibu kwa upole, na afadhali angenitukana. "Ni sawa, Mum. Wewe fanya mtihani. Mimi nitarudia mwaka ujao, kwa shule ingine, na watoto wenye hawakujui."

"Na ukirudia juu yangu, mimi nitasikia aje?"

"Sijui, Mum. Mimi siwezi kaa na wewe kwa hiyo room."

Mume wangu hana maneno mengi. Aliniambia, "Wewe ushaolewa, ushazaa. Hiyo certificate unapelekea nani? Wachia mtoto." Madam naye akanishika mkono na kuniambia, "Mama Ciru, ukitoka saa hii hutarudi tena. Nimeona wengi." Nikiwa na mume wangu naona yeye ndiye anasema ukweli, nikifika shuleni naona ni Madam. Cheti hiki nimekitamani tangu nikiwa msichana mdogo mwenye mtoto wa mamangu mgongoni. Lakini Ciru naye ni msichana mdogo sasa hivi, na anayemtoa shuleni ni mimi.

Jana Madam aliuliza kinyume cha "mother". Ni swali la watoto wa darasa la tatu, alitaka tu kutuchangamsha. Darasa zima likapiga kelele, "Father!" Ciru hakufungua mdomo. Mimi pia nilinyamaza, nikiangalia kisogo chake pale mbele, nikajiuliza kama jibu si mimi.

Nyinyi mlio wazazi, na hata mnaosoma bado, msinionee huruma, niambieni ukweli: niingie kwenye mtihani huu, au nivue hii sweta nimpishe mtoto wangu?