Miza Ajifunza Kupiga Mjeledi

Mjeledi uliletwa mtaani kwetu, Buyenzi, ndani ya mfuko wa mchele. Aliyeuleta ni Anouar, muuza vitambaa ambaye babu zake walitoka Omani na ambaye siku hizi anaishi mtaa wa Kinindo. Alikuwa akisafisha stoo ya marehemu baba yake, akaukuta umejikunja nyuma ya marobota ya vitenge vya zamani. Akampelekea Miza, kwa sababu barabara yetu nzima inajua kwamba kitu cha ngozi kikiharibika kinapelekwa kwa Miza.

Miza ni fundi wa viti vya magari. Ana miaka arobaini na tisa, mfupi, mwenye mabega mapana, na kazi hiyo alifundishwa na baba yake, mzee Yaseen, kwenye karakana hiyohiyo anayoishikilia mpaka leo. Kati ya karakana yake na yangu kuna ukuta wa bati tu. Mimi natengeneza injini, yeye anashona, na mambo haya mengine niliyaona mwenyewe, mengine alinisimulia.

"Ncha imekatika," Anouar alimwambia. "Nitengenezee tu, dada. Nataka kuutundika nyumbani, salon."

Miza akaunyoosha sakafuni. Ulikuwa na urefu wa mita tatu na kitu, mnene kwenye mpini, ukienda unapungua mpaka kuwa kama mkia wa panya. Ngozi ilisukwa mistari kumi na miwili, hata ukipitisha kidole huoni mahali uzi mmoja ulipoingia chini ya mwingine.

"Hii alisuka mutu gani?"

"Mi sijui. Baba hakuwahi kuiongelea."

Ilikuwa miezi ile petroli ilipokuwa haionekani. Magari yalikaa kwenye foleni siku tatu, nne, na mwenye gari lililolala kwenye foleni hana haja ya kubadilisha kiti. Barabara ilitulia kiasi kwamba mchana ungesikia mtu anakoroga chai nyumba ya pili. Miza alikaa chini ya turubai lake la buluu, mwanga wa buluu ukimshukia usoni, akatafuta kwenye simu namna ya kufunga ncha ya mjeledi.

Akampata mzee mmoja mzungu mwenye kofia pana, amesimama kwenye uwanda wa nyasi kavu, anaongea lugha ambayo Miza haielewi. Hakuhitaji maneno. Fundi anaangalia mikono. Aliona jinsi mzee alivyosokota uzi kuwa kishungi chembamba na kukifunga mwishoni mwa ngozi, naye akafanya vilevile, kwa uzi wake wa kushonea viti. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Lakini video haikuwa imekwisha. Mzee aliinua mkono, akaurusha mbele, na picha ikapunguzwa mwendo. Kitanzi kikatoka karibu na mkono wake kikaanza kusafiri juu ya ngozi, kikubwa, taratibu, kikienda kinapungua, kama wimbi la ziwa linalotoka upande wa Kongo na kuchelewa kufika kwetu. Kilipofika kwenye kishungi, vumbi dogo likaruka na hewa ikapasuka. Mzee akatabasamu.

Miza akairudisha nyuma. Akaiangalia tena. Chai yake ikapoa.

"Ile kitanzi nilikuwa naiona hata nikifumba macho," aliniambia baadaye. "Nikishona, inapita. Nikiswali, inapita. Astaghfirullah."

Anouar alikuwa amesafiri kwenda Kigoma kufuata mzigo, hivyo mjeledi ulibaki. Nyuma ya karakana kuna uwanja tunaoutumia wote kuweka magari mabovu. Alasiri moja nilimwona Miza amesimama katikati ya uwanja, simu ameiegemeza kwenye tairi, amevaa kofia ya pikipiki na miwani yangu ya kuchomelea, anazungusha mkono hewani. Mjeledi ukapanda, ukakaa juu kidogo kama unaowaza, halafu ukamwangukia mabegani.

Ilikuwa hivyo wiki nzima. Ulimpiga mgongoni, ukamzonga miguuni, siku moja ukamkata sikioni kabla hajavaa kofia. Mumewe, Hamissi, mpakiaji mizigo bandarini, mtu mpole sana, alirudi nyumbani akaona ule mstari mwekundu.

"Nani amekupiga?"

"Mi mwenyewe."

Hamissi akakaa. "Kwa sababu gani?"

"Nataka isikike."

Hamissi akainuka. Alikwenda kutafuta dawa ya kupaka.

Mimi ndiye niliyemwambia kwamba anautumia mkono wa kushoto. Mzee wa video alikuwa akimtazama uso kwa uso, na Miza alikuwa akimfuata kama mtu anayejiangalia kwenye kioo. Aliposikia hivyo aliuangalia mkono wake wa kushoto kwa muda mrefu, kama amekabidhiwa mkono wa mtu mwingine. Nilidhani atahamia wa kulia. Hakuhama. Mkono wa kulia, alisema, umeshona miaka thelathini, umechoka, na una kazi yake. Huu mwingine haujawahi kufanya kitu.

Akaendelea. Kila alasiri, baada ya swala, kitanzi kilikwenda mbali kidogo zaidi. Mimi nilikuwa nalala chini ya magari yasiyo na petroli, nikisikia ngozi inapita hewani, fuu, fuu, na nakiri kwamba mara nyingine nilisinzia. Hakukuwa na mlio. Ulikuwa ule upepo tu, mtu na kivuli chake, na jua la buluu likipita kwenye turubai.

Siku ya Alhamisi, wiki ya tano, mjeledi ukalia.

Sijui nieleze vipi. Ulikuwa mlio mmoja, mkavu, na ukarudi kutoka kwenye kuta zote. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilipopata fahamu nilikuwa chini ya Toyota, kifudifudi, mikono kichwani. Barabarani kila mtu alikuwa amelala chini. Mwenye duka alikuwa nyuma ya magunia yake. Mji huu uliwahi kusikia risasi, miaka isiyo mbali, na mwili haungoji akili iulize.

Elvire alikuwa ametoka sokoni. Ni jirani wa Miza nyumba kwa nyumba, anauza nyanya na lengalenga, mchicha wetu, na mwaka ule wa ghasia risasi zilipita dirishani kwake akiwa amewalalia watoto wake kuwakinga. Beseni lake lilikuwa limepinduka, nyanya zimesambaa mpaka kwenye mtaro, na yeye alikuwa amejikunja pembeni ya ukuta.

Miza alitoka mbio, kofia ya pikipiki bado kichwani, mjeledi mkononi. Alikuwa anacheka kwa furaha. Halafu akatuona.

"Mana yanje, Mungu wangu," akasema. Akauangusha.

Alimkimbilia Elvire, akataka kumshika. Elvire akauondoa mkono wa Miza. "Usiniguse," alisema, polepole sana. Akaingia ndani na kufunga mlango. Nyanya tuliziokota sisi.

Chifu wa mtaa alikuja, akauangalia mjeledi, akasema tu kwamba kitu hicho kisisikike tena Buyenzi. Miza alimjibu kwamba hakitasikika. Jioni ile na kesho yake alipita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, hata kwa watu ambao hawakuwepo. Kwa Elvire alibisha siku tatu. Siku ya nne aliacha nyanya mlangoni, beseni zima, zikakaa hapo mpaka mama mwingine akaziingiza kivulini.

Anouar aliporudi alikabidhiwa mjeledi wake ndani ya mfuko uleule. Leo uko ukutani kwake, Kinindo, juu ya televisheni.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mabaki ya ngozi nyeusi ya viti vya basi yalianza kupungua kwenye kona ya Miza. Alikuwa anayakata nyuzi nyembamba, anazipaka mafuta, anasuka. Nilipomwuliza anatengeneza nini alisema, "Sijui bado," ingawa alijua na mimi nilijua. Alisuka wiki tatu, macho mbali, vidole vikienda vyenyewe. Mjeledi wake mwenyewe ulipokwisha, Hamissi aliongea na walinzi wa upande wa bandari, wakamwonyesha mahali ufukweni mwa ziwa, mbali na watu, na kumwambia mkewe aje asubuhi na aangalie kwanza kama viboko wako majini.

Hivyo kila Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, Miza na mumewe walishuka ziwani. Hamissi alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akila mkate. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji, milima ya ng'ambo haionekani, na mlio ule, uliotuangusha sote Buyenzi, kule ulikuwa mdogo. Ulitoka, ukatembea juu ya maji, haukurudi.

Miezi miwili ikapita. Jioni moja Elvire alisimama mbele ya karakana. Hakusalimu.

"Siku hizi unapigia wapi?"

Miza aliacha sindano. "Ziwani. Jumapili. Kama unataka niache, naacha."

"Apana. Nataka kuona."

"Elvire, si lazima."

"Mi najua si lazima." Alikuwa anaangalia pembeni. "Kila mlango ukigongwa, naanguka. Sufuria ikianguka, naanguka na mi. Nataka nisikie kitu, na nijue kwanza kwamba kinakuja."

Jumapili ile nilikwenda nao. Kiboko mmoja alikuwa majini, mbali, masikio tu. Elvire alisimama nyuma kabisa, karibu na matete, kitenge amekibana kifuani kwa mikono miwili. Alimwambia Miza ahesabu kwa sauti. Miza akahesabu, rimwe, kabiri, gatatu, na akapiga.

Elvire akakaa chini. Alikaa mchangani, macho amefumba, na Miza akataka kuuweka chini mjeledi, lakini Elvire akainua mkono.

"Tena."

Rimwe, kabiri, gatatu. Safari hii hakukaa, maana alikuwa amekaa tayari. Akainua mkono. Tena. Nilihesabu mara kumi na tisa. Kwenye ya kumi na mbili alifumbua macho. Kwenye ya kumi na tano alikuwa ameanza kukiangalia kitanzi chenyewe, jinsi kinavyoondoka mkononi mwa Miza bila haraka, na uso wake ukaanza kukifuata, kushoto kwenda kulia, kama mtu anayemwangalia ndege.

"Kumbe kinakuja polepole hivi," alisema.

"Polepole sana," Miza akajibu. "Mwisho ndiyo kinakimbia."

Elvire alisimama akakung'uta mchanga. "Lete."

Miza akampa kofia ya pikipiki kwanza, akaifunga kamba chini ya kidevu chake, kisha akamwekea mpini mkononi, akasimama pembeni yake bega kwa bega. Elvire alirusha. Mjeledi ukapanda, ukamwangukia kichwani, juu ya kofia, ukatoa sauti ya kipuuzi kama kifuniko cha birika. Hamissi akapaliwa na mkate. Elvire alicheka mpaka akashika magoti, na kicheko chake ndani ya kofia kilisikika kama cha mtu aliye chini ya kisima.

Hakufanikiwa siku ile. Alifanikiwa siku ya mvua, mwezi wa kumi na moja, mara moja tu, na hakuna aliyeanguka. Aliugeukia mkono wake, akatugeukia sisi, kama anayetaka mtu amthibitishie. Mvua ilikuwa inakuja kutoka Uvira, upande wa Kongo, tuliiona inavuka ziwa, nyeupe, imesimama kama pazia. Miza alimpokonya mjeledi, maana ngozi haipendi maji, akauviringisha haraka na kuuficha chini ya mtandio wake, tumboni. Elvire alibaki mahali pale, mikono mitupu, na matone ya kwanza yakamkuta bado anahesabu, rimwe, kabiri, gatatu.