Siku Niliyomshika Mama Mkwe

Haya, leo nacheka, lakini kwa muda mrefu mtu akitaja Nyamasaria mbele yangu nilikuwa najifanya nina simu ya kupokea, maana huko ndiko nilikoaibika mbele ya wakwe siku ya kwanza kabisa kuonana nao, nikiwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na Akinyi, mchumba wangu, akinichungulia kutoka mlango wa jikoni.

Binamu yangu Omondi, aliyekuwa msemaji wetu, alishanionya njiani. "Wewe kazi yako ni kukaa na kuangalia chini. Usijipelekepeleke." Halafu akanikumbusha (kana kwamba mimi sikuzaliwa Mjaluo) kwamba mama ya Akinyi sasa ni maro wangu, mama mkwe, na mtu na maro wake hawashikani hata mkono, wanasalimiana kwa mbali.

Tulifika mapema, tenti bado inasimamishwa uani. Mimi nikiona watu wanafanya kazi siwezi kutulia, ndio ugonjwa wangu, kwa hiyo fundi wa tenti aliposema, "Brathe, shikilia hii chuma kidogo, naenda kutafuta kamba," nikaacha kiti changu nikashika. Kidogo! Fundi akapotea. Wazee wakaingia, wakaketi chini ya tenti, maombi yakaanza, maombi yakaisha, na mimi bado nimekumbatia nguzo ya katikati, siwezi kuiachilia kwa sababu turubai lote lingewaangukia vichwani.

Baba mdogo wa Akinyi, mzee mkali ajabu, akauliza, "Sasa huyo mkwe tunangoja ako wapi?"

Omondi akakohoa. "Mzee, ni huyo ameshikilia tenti."

Walicheka, yawa! Nikacheka nao, jasho linanitiririka, nikidhani aibu yangu imeishia hapo.

Mara upepo wa ziwa ukaja, tenti ikavutwa huku na huku, nami nikawa napambana na nguzo, na ni wakati huo huo Mama Akinyi alikuwa anapita nyuma yangu na bakuli la samaki, akajikwaa kwenye mguu wa kiti, akaanza kwenda chini. Sikufikiria chochote. Mkono mmoja ulibaki kwenye chuma, wa pili ukamdaka kiunoni, bakuli likanimwagikia lote kifuani, tukabaki hivyo hivyo, mchuzi wa moto unateremka hadi kwenye mkanda. Hakuna aliyecheka tena.

"Usiniachilie," akaninong'oneza, mguu wake ukitafuta chini.

Akinyi alikuja mbio akamwinua mama yake. Mzee mkali alikuwa ameshasimama. "Amemshika maro! Mbele ya watu! Hawa warudi kwao, tutapanga siku ingine."

Omondi akachukua koti lake. Niliogopa, sitadanganya, nilimtazama Akinyi nikaona anafuta macho na kanga, nikajua ile siku ingine haitakuja kamwe.

"Hakuna mtu anarudi," Mama Akinyi akasema, akipanguza mikono. "Nyinyi wote mlikaa hapo mkiniangalia nikianguka. Mwenye amenishika ndio mnafukuza?" Akamgeukia yule mzee. "Shemeji, mpatie shati. Huyo mtoto anaungua."

Mzee akaingia nyumbani akarudi na shati lake la maua, vijana wakanipokea nguzo nikalivaa, likanibana tumboni mpaka mazungumzo yakaisha, na Akinyi nikapewa.

Tangu hapo mimi huingia chini ya tenti ikiwa imeshafungwa, na mtu akiniambia nimshikie kitu kidogo, namuuliza kwanza anaenda wapi na anarudi saa ngapi. Mama mkwe na mimi tumerudi kusalimiana kwa mbali, kila mtu na mikono yake, na siku ile hatujawahi kuitaja. Ila kila nikienda kwao wengine wakipakuliwa samaki wa mchuzi, mimi huletewa wa kukaanga, mkavu kabisa, na Akinyi husema ni mama yake ameagiza.