Michembe ya Mwisho ya Mama

Tarehe kumi Februari mwaka huu tulimzika mama pale Samuye. Ndani ya nyumba yake tulikuta mfuko wa michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika kwa ajili ya mdogo wangu anayechimba dhahabu Nyarugusu, ambaye hakuwahi mazishi. Niliamua kumpelekea kwa miguu. Ndivyo nilivyotaka kumlilia mama, na miguu yangu naiamini.

Karibu na Kakola mvua kubwa ilinikuta barabarani. Nilipofika kwenye kibanda cha mama ntilie, nusu ya michembe ilikuwa imelowa.

"Baba, mabasi yote haya huyaoni?" aliniuliza.

"Nayaona. Nimefiwa na mama. Nampelekea mdogo wangu michembe yake."

Alinipa pole, akaimwaga michembe kwenye ungo na kuichambua. "Hii mikavu itafika. Iliyolowa itaota ukungu. Tuipike."

Nilikataa. Mama aliianika kwa ajili ya mwanawe, si kwa wapita njia.

"Kwani kwenu kwenye matanga watu hawali?"

Nilimsogezea ile iliyolowa. Aliipika kwa karanga, tukala pamoja na waendesha bodaboda waliojikinga mvua pale. Kila mmoja alinipa pole kabla ya kupokea sahani. Mmoja alirudi kuongezwa.

"Mzee, mama yako alijua viazi," alisema. "Pole tena."

Tulicheka wote.

Mvua ilipokatika niliifunga ile mikavu kwenye nailoni, nikaondoka. Kesho yake, Nyarugusu, mdogo wangu aliupima mfuko kwa mkono, akauona mwepesi, akauliza michembe mingine iko wapi.

"Imeliwa kwenye matanga," nilimwambia. "Kakola."